Chaji ya Haraka na Umri wa Betri ya Lithiamu
Mada kwa waendeshaji wa bodaboda, wenye vibanda vya kuchaji simu na wakazi wote wa Alupe, Busia na Malaba

  

Neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani. Katika miaka ya 1960, kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi ambacho msafiri alilazimika kukivuka kwa miguu huku amejitwika mizigo yake. Vijana wenye baiskeli wakaona kazi hapo. Waliwaita wasafiri kwa sauti, "boda, boda," yaani kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na jina likashika. Baadaye baiskeli ikaipisha pikipiki ya petroli, na jina likasafiri hadi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam.

Sasa pikipiki ya umeme imeanza kuingia katika kazi hiyo hiyo. Haidai petroli wala oili ya injini, lakini imekuja na kitu kimoja cha gharama kubwa kuliko kingine chochote ndani yake, nacho ni betri ya lithiamu. Betri ya aina hiyo hiyo, ndogo zaidi, imo ndani ya simu iliyo mfukoni, na imo katika taa nyingi za sola majumbani na za wavuvi wa omena kule Port Victoria na Sio Port. Kwa hiyo swali linaloulizwa kwenye steji linawahusu watu wengi kuliko waendeshaji peke yao: je, chaji ya haraka inaua betri?

Jibu fupi ni kwamba chaji ya haraka hula umri wa betri, lakini kiasi inachokula hutegemea mambo matatu: joto la betri wakati huo, kiasi cha chaji ambacho tayari kimo ndani, na aina ya betri yenyewe. Anayeyajua hayo matatu anaweza kuitumia chaji ya haraka siku ya haja bila kujuta. Asiyeyajua huenda akajikuta bado analipa mkopo wa betri ambayo imekwisha kuchoka.

Foleni ya malori ndani ya betri

Kila seli ya betri ya lithiamu ina pande mbili, wa chanya na wa hasi, na katikati mna kimiminika kinachopitisha chembe za lithiamu zenye umeme, ziitwazo ioni. Betri inapochajiwa, ioni hutoka upande wa chanya, huvuka kimiminika na kuingia upande wa hasi. Upande huo kwa kawaida umetengenezwa kwa grafaiti, ile ile inayotumika ndani ya penseli. Grafaiti ina matabaka kama kurasa za daftari, na ioni huingia kati ya kurasa hizo na kutulia. Pikipiki inapotembea, ioni hurudi zilikotoka. Kwenda na kurudi mara moja kamili huitwa mzunguko, na umri wa betri huhesabiwa kwa mizunguko.

Mkazi wa Malaba hahitaji mfano wa mbali. Malori yanayopeleka mizigo Kampala, Kigali na mashariki mwa Kongo hufika mpakani, hukaguliwa na kupita. Yakija kwa kiasi kinachowezekana, kila lori hupata nafasi yake. Yakija kupita kiasi, au ukaguzi ukichelewa, hupangwa kando ya barabara, kama ilivyoonekana mwaka wa 2020 madereva walipokuwa wakisubiri kupimwa korona na foleni ikarefuka kwa kilomita nyingi. Ndani ya betri mambo ni hayo hayo. Chaja ikizisukuma ioni polepole, kila moja hupata ukurasa wake wa kuingia. Ikizisukuma kwa kasi ambayo grafaiti haiwezi kuipokea, baadhi huachwa mlangoni, na hapo hugeuka kuwa lithiamu ya metali, utando mwembamba juu ya grafaiti.

Tofauti ni kwamba foleni ya malori huisha. Lithiamu iliyoganda nje ya grafaiti, sehemu yake hairudi kazini tena. Kila inapotokea hivyo, ioni za kubeba umeme hupungua kidogo, na betri hushika chaji ndogo kuliko ya jana. Utando huo ukiendelea kukua, unaweza kuota miiba midogo inayoelekea upande wa pili. Mwiba ukifika ng'ambo, pande mbili hugusana ndani ya seli, na hiyo ni njia mojawapo ya betri kushika moto.

Kuna dhara la pili. Ioni zinapoingia, grafaiti hutanuka kwa takriban asilimia 10, kisha hunywea zinapotoka. Zikiingia kwa pupa, sehemu moja hutanuka kabla ya nyingine, na nyufa ndogo hutokea. Kila ufa mpya hufunikwa na ganda linalotengenezwa kwa lithiamu ile ile ambayo ingekuwa inabeba umeme.

Haraka ni kiasi gani?

Chaja haiwezi kuitwa ya haraka au ya polepole mpaka ijulikane inachaji betri gani. Wati 60 ni nyingi sana kwa simu, lakini kwa betri ya pikipiki ni tone tu.

Kipimo kinachotumika ni muda. Chukua betri ya volti 72 yenye uwezo wa ampea 40 kwa saa. Ukizidisha, unapata wati 2,880 kwa saa, yaani karibu yuniti tatu za umeme. Chaja ya ampea 10 itaijaza kwa saa nne na ziada kidogo. Hiyo ni chaji ya polepole, na betri nyingi huipokea bila shida. Chaja ya ampea 20 itaijaza kwa saa mbili na ziada. Chaja ya ampea 40 itajitahidi kuijaza kwa takriban saa moja, na hapo ndipo mwenye betri anapaswa kuanza kuuliza maswali. Jibu limo katika karatasi ya maelezo ya betri, penye mkondo wa juu kabisa wa kuchaji. Iwapo karatasi inasema ampea 20, chaja ya ampea 40 si ya betri hiyo, hata kama plagi inaingia vizuri.

Tena kasi haiwi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Chaja nzuri husukuma mkondo mkubwa hadi betri ifike karibu asilimia 80, kisha huupunguza kidogo kidogo. Ndiyo maana simu hupanda upesi kutoka 20 hadi 70, halafu hujikokota kutoka 90 hadi 100. Si ubovu. Kurasa za grafaiti zimejaa, na ioni za mwisho zinatafutiwa nafasi. Anayetumia chaji ya haraka kuitoa betri asilimia 20 hadi 75 amechukua sehemu nyepesi ya kazi. Anayeshikilia mpaka 100 hupoteza dakika nyingi kwa chaji kidogo, tena katika sehemu inayoichosha betri zaidi.

Joto, adui aliye karibu zaidi

Katika nchi za baridi, watu huonywa wasichaji betri ya lithiamu chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu baridi huipunguzia grafaiti kasi ya kupokea ioni. Alupe haina shida hiyo. Shida ya hapa ni upande wa pili wa kipimajoto.

Betri nyingi za lithiamu zimeandikiwa zichajiwe kati ya nyuzi sifuri na 45 za Selsiasi. Mchana wa jua katika barabara ya Busia kwenda Malaba, hewa hukaribia nyuzi 30. Pikipiki iliyobeba abiria wawili na gunia la mahindi, ikapanda milima, betri yake huwa na joto kuliko hewa hata kabla ya kuchomekwa. Ikiegeshwa juani, huongezeka. Halafu chaja ya haraka inaongeza joto la tatu.

Joto hilo la chaja lina hesabu yake. Mkondo ukiongezwa mara mbili, joto linalotokana na ukinzani wa betri huongezeka mara nne kwa kila dakika. Ni kweli muda wa kuchaji hupungua kwa nusu, lakini jumla ya joto bado ni maradufu, na nafasi ya kupoa ni nusu. Ndani ya seli, joto huharakisha kila mmomonyoko wa kikemikali. Kanuni ya jumla ya wanakemia ni kwamba mmenyuko wa namna hiyo hukaribia kuwa maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka.

Ushahidi wa barabarani upo. Maabara ya Kitaifa ya Idaho ya Marekani ilichukua magari manne ya umeme aina ya Nissan Leaf ya mwaka wa 2012, yakaendeshwa katika jiji la Phoenix, Arizona, penye joto la jangwa. Mawili yalichajiwa kwa chaja ya kawaida, mawili kwa chaja ya haraka. Baada ya maili 50,000, yaani karibu kilomita 80,000, yale ya chaji ya kawaida yalikuwa yamepoteza takriban asilimia 23 ya uwezo wa betri, na yale ya haraka takriban asilimia 27.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, chaji ya haraka kweli ilikula zaidi. La pili, sehemu kubwa ya hasara iliyapata magari yote manne, hata yale yaliyochajiwa taratibu. Betri ya gari hilo haina mfumo wa maji wa kuipoza, na hata ya bodaboda kwa kawaida hutegemea upepo tu. Kwa hiyo mwendeshaji wa Alupe anayeepuka chaja ya haraka lakini anachaji betri ikiwa bado ya moto, juani, chini ya mabati, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Betri si za aina moja

Betri za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka wa 1991, na mwaka wa 2019 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa watafiti watatu walioziwekea msingi: John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Tangu hapo zimegawanyika katika aina kadhaa, na mbili ndizo zinazomhusu zaidi mnunuzi wa leo.

Ya kwanza huandikwa NMC. Ina nikeli, manganizi na kobalti, ile kobalti ambayo nyingi ya dunia huchimbwa Kongo. Ni nyepesi na hushika umeme mwingi kwa kila kilo. Kwa matumizi ya kawaida hufika mizunguko kati ya 500 na 1,000 kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, na zilizotengenezwa vizuri hupita hapo. Ya pili huandikwa LFP. Haina kobalti, bali chuma na fosfeti. Ni nzito kidogo, lakini huvumilia joto vizuri zaidi, si rahisi kushika moto kama ile ya kwanza, na nyingi hufika mizunguko 2,000 au zaidi. Mwenye kuchaji haraka mara kwa mara, na mwenye sola ya nyumbani, mara nyingi atafaidika zaidi na LFP.

Herufi hizo tatu huandikwa kwenye kibandiko cha betri. Muuzaji asiyeweza kuzionyesha hastahili kulipwa upesi.

Hesabu ya mkopo

Chukua mfano wa kijana wa steji ya Alupe aliyechukua pikipiki ya umeme kwa mkopo wa miaka miwili. Fedha hizi ni za mfano, ili hesabu ionekane. Betri ni Sh90,000. Kijana anafanya kazi mchana kutwa, hivyo anachaji mara mbili kwa siku.

Akiitunza ikafika mizunguko 1,500, kila chaji imekula Sh60 za betri, na betri imefika miaka miwili, sambamba na mkopo. Akiichosha ikafika mizunguko 1,000 tu, kila chaji imekula Sh90, na betri imechoka baada ya mwaka mmoja na miezi minne hivi. Miezi zaidi ya saba ya mkopo imebaki, na ile pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 80 kwa chaji sasa inaishia 64. Safari ya jioni kutoka Malaba ambayo zamani hakuiwazia, sasa lazima aifikirie mara mbili, asije akaisukuma pikipiki gizani.

Tofauti kwa kila chaji ni Sh30. Nauli ya abiria mmoja wa kwenda Busia mjini inaweza kuilipa Sh30 hiyo na chenji ikabaki. Kwa hiyo anayesema kwamba chaji ya haraka ni hasara siku zote hajapiga hesabu. Siku ya soko, abiria wamepanga foleni na betri imefika asilimia 15, dakika 30 za chaja ya haraka ni biashara nzuri.

Tatizo ni kwamba Sh30 hiyo haidaiwi siku ile. Hukusanyika kimyakimya na kudaiwa yote kwa pamoja, siku ambayo betri inakataa. Na mara nyingi haraka hiyo haikununua chochote: pikipiki imechomekwa kwenye chaja kubwa, ikajaa kwa saa moja, kisha ikakaa imejaa saa mbili zaidi huku mwenyewe akila chakula cha mchana na kungoja jua lipungue. Alilipa bei ya haraka bila kuwa na haraka. Swali la kujiuliza kabla ya kuchomeka ni moja tu: muda nitakaouokoa una abiria ndani yake? Kama una abiria, chaji haraka. Kama hauna, chaji taratibu.

Haraka kwa mtu, polepole kwa betri

Ipo njia ya kumpa mwendeshaji haraka yake bila kuitesa betri, nayo ni kubadilishana betri. Katika miji kama Nairobi, Kampala na Kigali, kampuni za pikipiki za umeme zimeweka vituo ambapo mwendeshaji huacha betri iliyokwisha, huchukua iliyojaa na kuondoka kwa dakika chache. Betri aliyoiacha haina abiria anayeisubiri, hivyo inaweza kuachwa ipoe kwanza, kisha ichajiwe kwa utaratibu ndani ya kabati. Deni la uchakavu pia hubaki kwa kampuni, si kwa mwendeshaji.

Chama cha akiba cha steji kinaweza kujifunza kitu hapo. Waendeshaji wa pikipiki za aina moja wakinunua betri ya ziada kwa pamoja, moja hupumzika na kuchajiwa polepole huku nyingine zikifanya kazi. Tena tangu mwaka wa 2023 Kenya ina bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, iliyoidhinishwa na mamlaka ya EPRA, na usiku bei hiyo ni ya chini kuliko mchana. Usiku ndio wakati hewa imepoa na betri haina kazi.

Mazoea ya betri za zamani

Mashauri mengi yanayozunguka mtaani hayakuwa uongo yalipotolewa. Yalikuwa ya betri nyingine.

"Simu mpya ichaji saa nane kabla ya kuiwasha." Hilo lilitokana na betri za nikeli. Ya lithiamu hupewa chaji yake ya kwanza kiwandani, na ikifika dukani iko tayari kwa kazi.

"Iache iishe kabisa ndipo uichaji." Hilo pia ni la nikeli, iliyokuwa ikizoea kuchajiwa nusu nusu. Lithiamu haizoei hivyo. Kuimaliza hadi sifuri kila siku kunaichosha, na kuichaji kidogo kidogo mara kadhaa hakuna dhara.

"Betri ikae imejaa wakati wote." Hilo ni la betri ya risasi na asidi, ile ya gari na ya sola za zamani, ambayo huharibika ikiachwa bila chaji. Ya lithiamu hupendelea kukaa katikati. Inayowekwa bila kazi kwa wiki kadhaa iachwe karibu nusu, mahali penye kivuli.

Mwenye LFP akumbuke jambo moja la ziada: mara moja kwa wiki hivi aijaze hadi 100, ili seli zake zilingane na kipimo cha chaji kisimdanganye.

Chaja isiyo yake

Yote yaliyotangulia yanahusu kupoteza fedha. Hili linahusu kupoteza nyumba.

Betri mbili zinaweza kuandikwa volti 48, zikafanana kwa umbo na kwa plagi, lakini moja ikawa NMC yenye seli 13 zilizofuatana, inayojaa ikifika volti 54.6, na nyingine LFP yenye seli 16, inayojaa ikifika volti 58.4. Mtu akiazima chaja ya LFP akaiweka kwenye NMC, chaja itaendelea kusukuma karibu volti nne zaidi ya kikomo. Kinachobaki kuizuia ajali ni saketi ya ulinzi ndani ya betri. Iwapo fundi aliikata ili betri "itoe nguvu zaidi," hakuna kilichobaki.

Kwa hiyo, kabla ya kuazimana chaja kwenye steji, isomwe namba ya volti ya kutoka. Haitoshi kuangalia plagi. Mnunuzi aangalie pia alama ya KEBS, na ajihadhari na chaja nyepesi ya bei ya kutupa isiyo na maandishi yoyote.

Wenye vibanda vya kuchaji simu nao wana lao. Simu 20 zilizorundikwa juu ya kabati la mbao chini ya bati la moto hupashana joto. Zikitandazwa kwa nafasi, kwenye kivuli chenye hewa, zitajaa vizuri zaidi na wateja watarudi. Nyumbani, simu isichajiwe chini ya mto wala ndani ya blanketi.

Betri iliyovimba, inayonuka kama rangi ya kucha, au inayopata moto bila kuguswa, imekwisha. Isichajiwe tena, isitobolewe, isitupwe jalalani wala kwenye moto. Itolewe nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha apelekewe habari aliyeiuza au fundi anayezijua. Ikianza kutoa moshi, watu watoke kwanza, kwa maana moshi huo una sumu. Betri ya pikipiki isichajiwe mlangoni au kwenye ujia wa kutokea, kwa sababu ikiwaka itakuwa imeifunga njia ambayo watoto wangepitia.

Ya kushika mtu anapoondoka

Mwendeshaji aiache betri ipoe dakika 20 hadi 30 baada ya safari ndefu kabla ya kuichomeka, tena kivulini. Achaji polepole usiku, na apange ijae karibu na saa ya kutoka, si saa nne kabla. Mchana, akihitaji haraka, achukue kutoka asilimia 20 hadi 75 au 80, kisha aende kazini. Atumie chaja iliyoandikiwa betri hiyo. Na siku ya kununua, kabla ya kutia saini ya mkopo, aulize maswali manne: ni LFP au NMC? Mkondo wa juu wa kuchaji ni ampea ngapi? Dhamana ni ya mizunguko mingapi au miaka mingapi? Na je, dhamana hiyo inabaki ikiwa betri ilichajiwa haraka?

Swali hilo la nne ndilo husahauliwa. Jibu lake liandikwe kwenye karatasi ya mauzo, maana neno la mdomo halitakuwepo siku betri itakapokataa.

Wazee husema haraka haraka haina baraka. Vijana wa mpaka huu walijenga kazi nzima juu ya haraka ya wasafiri, wakailisha jamii na kuipa dunia neno jipya. Haraka yao ina thamani. Betri inachotaka ni kwamba haraka hiyo itunzwe kwa ajili ya abiria anayesubiri, na saa ambazo hakuna anayesubiri zirudishwe kwake.